Nani Alishika Ufunguo wa Maabara? Historia ya Wanawake na Mgawanyo wa Fani Vyuoni

Ukikaa kwenye mahafali ya chuo kikuu chochote kikubwa cha Afrika Mashariki na kusikiliza majina yakisomwa, utaona jambo ambalo tumelizoea kiasi cha kutoliuliza tena. Zamu ya ualimu na sayansi za jamii inapofika, wanawake husimama kwa wingi. Zamu ya udaktari, husimama tena kwa idadi ya kuridhisha. Zamu ya uhandisi wa mitambo au fizikia inapowadia, mstari wao hufupika ghafla. Wahitimu hao wote ni wa kizazi kimoja, wamepita katika mfumo mmoja wa elimu na wamefanya mitihani ileile ya taifa. Hata hivyo wamegawanyika kana kwamba kuna mkono uliowachambua.

Maelezo ya mitaani ni mepesi: wasichana hawapendi hesabu; masomo yale ni mazito; kila mtu na kipaji alichojaliwa. Maelezo hayo husemwa pia maofisini na hata katika vikao vya idara, ingawa kwa maneno ya adabu zaidi. Raha yake ni kwamba hayamdai mtu yeyote kitu. Kama mgawanyo umeletwa na maumbile, waziri hana bajeti ya kupanga, mkuu wa shule hana maabara ya kudai, na mhadhiri hana utaratibu wa kubadili.

Historia inatupa njia ya kuyapima. Maumbile ya binadamu hayabadiliki katika miaka 30 au 40. Kwa hiyo, kama maumbile ndiyo yanayoamua nani asome nini, uwiano wa wanawake katika fani fulani ulipaswa kubaki palepale muda wote wa uhai wa fani hiyo, na ulipaswa kufanana kutoka nchi moja hadi nyingine. Tukikuta fani iliyokuwa na wanawake wengi ikageuka kuwa ya wanaume, au fani iliyo ya wanaume hapa ikawa ya wanawake kule, hatuna budi kutafuta sababu katika matendo ya watu: nani aliajiri, nani alilipa, nani alidahili, na kwa masharti gani. Hoja ya makala haya ni kwamba sababu hizo huonekana kila tunapofungua kumbukumbu, na kwamba zilizowekwa na watu zinaweza kuondolewa na watu.

Tuanze na fani ya kompyuta, kwa kuwa ndiyo inayotajwa mara nyingi zaidi kama ngome ya wanaume, na kwa kuwa historia yake ni fupi kiasi cha kuweza kufuatiliwa mwanzo hadi mwisho.

Katika karne ya 19, kompyuta haikuwa mashine. Kwa Kiingereza neno hilo lilikuwa jina la mtu aliyeajiriwa kukokotoa. Katika kituo cha kuchunguza nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, mkurugenzi Edward Pickering aliajiri makumi ya wanawake kwa kazi hiyo. Mmoja wao, Williamina Fleming, alikuwa mtumishi wa ndani nyumbani kwa Pickering kabla ya kuingizwa ofisini. Mwingine, Annie Jump Cannon, aliainisha nyota zipatazo 350,000. Wa tatu, Henrietta Leavitt, aligundua uhusiano kati ya mwangaza halisi wa aina fulani ya nyota na muda inaochukua kung'aa na kufifia, ugunduzi uliochapishwa kwa ukamilifu mwaka 1912. Ni kwa kutumia ugunduzi huo kwamba Edwin Hubble baadaye aliweza kuonyesha kuwa ziko galaksi nyingine nje ya hii yetu. Leavitt alilipwa senti 30 kwa saa. Kazi ilikuwa nyingi, fedha za kituo zilikuwa chache, na wanawake waliosoma hawakuwa na mahali pengi pa kwenda. Hesabu hiyo ilitosha kuifanya kazi ya kukokotoa iitwe kazi ya kike.

Utaratibu huohuo ulirithiwa na mashine. Vita Kuu ya Pili ilipokuwa inaendelea, jeshi la Marekani lilihitaji majedwali ya kulengea mizinga, na wanawake waliosoma hisabati waliajiriwa kuyakokotoa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Ilipoundwa ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, wanawake 6 kutoka kundi hilo walipewa kazi ya kuifundisha mashine namna ya kukokotoa: Kathleen McNulty, Betty Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hapakuwa na kitabu cha maelekezo. Walijifunza kwa kusoma michoro ya nyaya. Waliounda chuma walihesabiwa kuwa wahandisi; walioandika programu walihesabiwa kuwa wasaidizi. Mashine ilipozinduliwa kwa shangwe Februari 1946, majina ya wanawake hao hayakutangazwa.

Hapa ndipo penye fundisho la kwanza. Kazi ya kuandika programu iliangukia mikononi mwa wanawake wakati ilipodhaniwa kuwa ndogo. Ilipobainika kuwa ndiyo kazi ngumu kuliko zote, hadhi yake ilipanda na waajiri wakaanza kutafuta mtu wa namna nyingine. Katika miaka ya 1960 makampuni ya Marekani yalitumia vipimo vya vipaji na vya tabia kuchagua waandishi wa programu, na baadhi ya vipimo hivyo vilimpendelea mtu anayependa mafumbo na asiyependa sana kujichanganya na watu. Sura ya mtaalamu wa kompyuta ilianza kuchorwa upya, na sura hiyo ilikuwa na ndevu.

Hata hivyo wanawake waliendelea kuingia madarasani. Kufikia mwaka 1984, takribani asilimia 37 ya shahada za kwanza za sayansi ya kompyuta nchini Marekani zilikwenda kwao. Miaka hiyohiyo idadi yao ilikuwa inapanda pia katika sheria na udaktari. Kisha mistari ikaachana. Katika sheria na udaktari iliendelea kupanda hadi kukaribia nusu na kuipita. Katika kompyuta iligeuka na kushuka hadi takribani asilimia 18 kufikia mwaka 2010. Hakuna mwanabiolojia atakayetueleza ni kitu gani kiliugusa ubongo wa mwanamke wa Marekani katikati ya miaka ya 1980 kikauharibia kompyuta na kuuacha salama kwa upasuaji.

Kilichobadilika kilikuwa nyumbani. Miaka hiyo ndiyo kompyuta ndogo zilipoanza kuuzwa kwa familia, na matangazo yake yaliwalenga baba na mtoto wa kiume. Kijana aliyefika chuoni akiwa amechezea mashine kwa miaka 5 alikaa darasani na binti aliyeiona kwa mara ya kwanza wiki ile. Wahadhiri nao, bila kutunga sheria yoyote ya ubaguzi, wakaanza kufundisha kana kwamba kila mwanafunzi amekwisha kujifunza mambo ya awali. Ujuzi wa nyumbani ukaonekana kama kipaji, na ukosefu wa mashine nyumbani ukaonekana kama ukosefu wa akili.

Jambo hili lilithibitishwa kwa vitendo katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh. Mwaka 1995, wanawake walikuwa asilimia 7 tu ya wanafunzi wapya wa sayansi ya kompyuta chuoni hapo. Watafiti Jane Margolis na Allan Fisher waliwahoji wanafunzi kwa miaka kadhaa, na chuo kikachukua hatua: kilipunguza uzito uliokuwa ukitolewa kwa mwombaji aliyewahi kuandika programu, na kikaweka njia tofauti za kuanzia kwa wenye uzoefu na wasio nao. Kufikia mwaka 2000, wanawake walikuwa asilimia 42 ya waliodahiliwa. Miaka 5 haitoshi kubadili maumbile. Inatosha kubadili utaratibu wa udahili.

Na kama bado tuna shaka, tuitazame Malaysia. Huko wanawake wamekuwa karibu nusu ya wanafunzi wa fani za kompyuta, na katika baadhi ya vyuo wamekuwa wengi kuliko wanaume. Wazazi wengi wa Malaysia waliiona kazi ya kompyuta kuwa kazi ya ofisini, ya kivulini, salama na yenye kipato, ambayo binti anaweza kuifanya kwa heshima. Imani hiyo nayo ina upungufu wake, maana inamkadiria binti kwa kipimo cha kivuli. Lakini inatuonyesha kwamba mashine ileile inaweza kuhesabiwa kuwa ya kiume Pittsburgh na ya kike Kuala Lumpur.

Fundisho la pili linatoka Uingereza, katika tawi la sayansi linalochunguza maumbo ya fuwele kwa kutumia eksirei. Fizikia na kemia kwa ujumla zilikuwa na wanawake wachache sana katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, lakini katika tawi hili dogo walijitokeza kwa idadi ya kushangaza. Kathleen Lonsdale alionyesha mwaka 1929 kwamba pete ya benzini ni bapa, na mwaka 1945 yeye na Marjory Stephenson wakawa wanawake wa kwanza kuchaguliwa kuwa wanachama kamili wa Royal Society. Dorothy Hodgkin alichambua umbo la penisilini na la vitamini B12, akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1964. Mchango wa Rosalind Franklin katika kufahamu umbo la DNA unajulikana na kila mwanafunzi wa biolojia.

Kwa nini tawi hili na si matawi jirani yake? Lilikuwa jipya, hivyo halikuwa na wazee wengi wa kulinda viti. Muhimu zaidi, wakuu wa maabara zake za mwanzo, William Bragg na baadaye J. D. Bernal, waliwapokea wanawake kama watafiti kamili. Lonsdale alipojifungua na kulazimika kukaa nyumbani na watoto, Bragg alimtafutia fedha za kumlipa msaidizi wa kazi za nyumbani ili aendelee na utafiti. Msomaji aliye mtumishi wa umma aitafakari hatua hiyo ndogo. Haikuwa sera ya taifa wala azimio la mkutano. Ilikuwa fungu dogo la fedha lililoelekezwa mahali ambapo kizuizi halisi kilikuwapo. Wahenga wanasema penye nia pana njia. Kwa wanawake wengi wasomi nia ilikuwapo tangu mwanzo, na kilichokosekana ni mtu wa kufyeka njia.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani kwamba tatizo ni la sayansi peke yake, na kwamba wanawake wako salama upande wa fasihi na falsafa. Sivyo. Nchini Marekani, wanawake wanaopata shahada ya uzamivu katika falsafa ni wachache kwa uwiano kuliko wale wa biolojia ya molekuli, ingawa falsafa haihitaji maabara wala mtambo. Mwaka 2015, Sarah-Jane Leslie, Andrei Cimpian na wenzao walichapisha utafiti katika jarida la Science uliolinganisha fani 30. Waligundua kwamba kadiri wanataaluma wa fani wanavyoamini kuwa fani yao inahitaji kipaji cha kuzaliwa nacho, ndivyo wanawake wanavyokuwa wachache ndani yake. Falsafa, hisabati na fizikia ziliangukia upande mmoja. Saikolojia na elimu ziliangukia upande mwingine. Mpaka uliochorwa na imani hiyo haukufuata mpaka wa sanaa na sayansi.

Imani juu ya kipaji cha kuzaliwa ina historia ndefu. Emmy Noether, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20, aliitwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1915 na David Hilbert na Felix Klein, waliojua thamani yake. Kitivo kilikataa kumpa haki ya kufundisha kwa kuwa ni mwanamke. Kwa miaka kadhaa mihadhara yake ilitangazwa kwa jina la Hilbert, naye akafundisha bila mshahara, mpaka alipokubaliwa rasmi mwaka 1919. Aliyesoma ratiba ya chuo miaka ile angehesabu wanawake wanaofundisha hisabati pale na kupata sifuri, kisha angehitimisha kwamba hisabati haiwafai. Hesabu yake ingekuwa sahihi na hitimisho lake lingekuwa uongo.

Sasa turudi nyumbani, maana mifano hii inatusaidia kusoma kumbukumbu zetu kwa jicho kali zaidi.

Elimu ya kikoloni katika Afrika Mashariki ilianza kwa kumwandaa mvulana kuwa karani, mganga msaidizi na mwalimu. Tabora, Tanganyika, ilipata shule ya serikali ya wavulana katika miaka ya 1920, iliyokusudiwa kwanza kwa wana wa machifu. Kenya ilipata Alliance ya wavulana mwaka 1926; Alliance ya wasichana ilifuata mwaka 1948, miaka 22 baadaye. Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922, ilikuwa na kaulimbiu iliyowahimiza wanafunzi wawe wanaume hasa. Ilibidi ibadilishwe mwaka 1945, wanafunzi wa kwanza wa kike walipoingia. Binti aliyepata bahati ya shule alifundishwa kushona, kupika na kulea, masomo ambayo baadaye tuliyaita sayansikimu. Katika shule nyingi za wasichana fizikia haikufundishwa kabisa. Aliyefika mwisho wa masomo alikuta milango miwili iliyo wazi, uuguzi na ualimu, na mingi iliyofungwa.

Kwa hiyo, uhuru ulipopatikana, mgawanyo wa fani ulikuwa umekwisha kupangwa shuleni miaka 15 au 20 nyuma. Ndiyo maana wanawake wa kwanza katika fani "za kiume" walipita karibu wote katika mlango usio wa kawaida. Josephine Nambooze wa Uganda, anayetajwa kuwa daktari wa kwanza mwanamke katika Afrika Mashariki, alihitimu Makerere mwaka 1959. Esther Mwaikambo, daktari wa kwanza mwanamke wa Tanzania, hakupitia Dar es Salaam. Alihitimu Moscow mwaka 1969, katika Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba. Tusipite hapa kwa haraka. Katika Umoja wa Kisovieti wakati huo, madaktari walio wengi walikuwa wanawake, na daktari mwanamke hakuwa kioja. Binti wa Kitanzania alipelekwa kusoma mahali ambapo swali la kama mwanamke anaweza kutibu lilikuwa limekwisha kufungwa. Mwaka 1987 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania, MEWATA, kilichokuja kuwafikia wanawake wengi kwa kampeni za uchunguzi wa saratani ya matiti.

Sheria nayo ilikuwa na mlango wake. Kitivo cha sheria ndicho kilichoanza kwanza katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, Oktoba 1961, na katika darasa lile la kwanza alikuwamo mwanamke mmoja, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Kitivo kilikuwa kipya, taifa lilikuwa na njaa ya wanasheria, na sheria haikuhitaji mtu awe amesoma fizikia. Ulinganifu na tawi la fuwele uko wazi: palipo papya na penye upungufu, mwanamke hupata nafasi ambayo pazee pamemnyima.

Wangari Maathai wa Kenya anatuonyesha upande mwingine. Alisoma Loreto Limuru, shule ya watawa iliyofundisha wasichana sayansi, akapata nafasi ya kwenda Marekani mwaka 1960, akasoma biolojia. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamivu, akijikita katika anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1976 aliongoza idara yake, na mwaka uliofuata akawa profesa mshiriki. Lakini katika kumbukumbu zake anaeleza pia jinsi wahadhiri wa kike walioolewa walivyonyimwa marupurupu kamili, kama vile ya nyumba, kwa hoja kwamba waume zao ndio wenye kustahili kuyapata, na jinsi yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walivyolazimika kuyapigania. Mlango wa kuingilia ulikuwa umefunguliwa, lakini kiti cha kukalia kilikuwa cha miguu mitatu. Fani nyingi hupoteza wanawake kwa njia hiyo, baada ya kuwa zimekwisha kuwapokea.

Sera nzuri nazo zinaweza kufunga mlango bila kukusudia. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza, baada ya Jeshi la Kujenga Taifa, ndipo waingie chuo kikuu wakiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Nia yake ilikuwa njema: kuvunja majivuno ya wasomi na kuwaunganisha na wakulima na wafanyakazi. Azimio halikutaja jinsia. Lakini miaka ile ya kusubiri ilikuwa ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa. Kijana wa kiume alitoka kazini akaenda Mlimani. Binti wa umri wake alikuwa na mtoto mgongoni na mume wa kuombwa ruhusa. Idadi ya wanafunzi wa kike ilishuka, na serikali ikalazimika kuwaondolea wanawake sharti hilo. Kwa mtumishi wa umma anayeandika miongozo leo, fundisho hilo ni kubwa: kanuni isiyotaja mwanamke haiwi kwa sababu hiyo kanuni isiyomgusa mwanamke.

Mlango wetu mkubwa wa leo hauko chuoni. Uko kidato cha pili na cha tatu, pale mwanafunzi anapoendelea na fizikia na kemia au kuziacha, na baadaye pale tahasusi za kidato cha tano zinapopangwa. Katika mtindo wa PCM na HKL tulioujua kwa miaka mingi, binti aliyeacha fizikia akiwa na miaka 15 amekwisha kuuaga uhandisi, iwe anajua au hajui. Uamuzi huo ameufanya wapi? Kwa walio wengi, katika shule ya kata. Shule hizo ziliongezeka kwa kasi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, zikawafikishia sekondari mamia kwa maelfu ya watoto ambao wasingeiona, jambo la kushukuriwa. Lakini nyingi zilianza bila maabara na bila mwalimu wa fizikia. Mvulana naye huumizwa na upungufu huo. Tofauti ni kwamba jioni yeye ana saa 2 za kujisomea au kumfuata mwalimu wa masomo ya ziada, na dada yake yuko kisimani na jikoni.

Kwamba binti wa Kitanzania anaweza fizikia hakuhitaji kubishaniwa. Kilakala, Msalato na Tabora ya wasichana zimetoa kwa miongo kadhaa madaktari, wahandisi na wanasayansi. Kilichozitofautisha na nyingine ni maabara, walimu, bweni na dhana kwamba somo la sayansi ni haki ya kila aliyeingia getini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kiliendesha mafunzo ya awali kwa wasichana waliokaribia alama za kudahiliwa katika sayansi na uhandisi, wakapewa wiki kadhaa za masomo ya kuziba mapengo, kisha wakaingia darasani na wenzao. Wapo waliowabeza kwamba wamependelewa. Lakini tukikumbuka Carnegie Mellon, tutaona kwamba vyuo hivyo viwili, kimoja tajiri na kimoja maskini, vilifikia jambo lilelile: kutenganisha kipaji na fursa iliyotangulia.

Ipo hoja ya upinzani inayostahili kujibiwa kwa heshima. Nchi kama Sweden na Norway zimewapa wanawake haki nyingi kuliko karibu nchi zote duniani, na bado wahandisi wao wengi ni wanaume, wakati nchi za Kiarabu kama Algeria na Tunisia zina uwiano mkubwa wa wanawake wanaohitimu sayansi na uhandisi. Je, hii haionyeshi kwamba mwanamke akiachwa huru hurudi kwenye asili yake? Hoja hiyo inadhani kwamba penye haki za kisheria hapana tena picha vichwani. Binti wa Stockholm naye amekua akiona nani anaitwa fundi na nani anaitwa mlezi. Zaidi ya hapo, kama asili ndiyo inayomkimbiza mwanamke kutoka kwenye uhandisi, ni lazima mtu atueleze asili hiyo hulala wapi inapofika Algiers. Nakubali kwamba uhuru wa kuchagua ni jambo jema, na sitaki binti yeyote asukumwe katika uhandisi ili kupamba takwimu za wizara. Ninachokataa ni kuita uchaguzi kile kilichoamuliwa na shule isiyo na mwalimu.

Tukiyakusanya haya yote, tofauti kati ya fani na fani inaelezeka kwa maswali manne. Je, fani inadai maandalizi ya awali, na ni nani aliyeyapata? Je, hadhi na malipo yake vimepanda, na ni nani aliyesogezwa pembeni vilipopanda? Je, wanaoshika nafasi za juu wanaamini kazi yao inafundishika, au wanaiona kama kipaji cha wateule? Na je, masharti ya ajira yanamchukulia mwanamke mwenye watoto kama mfanyakazi kamili? Fani mbili zilizo jirani katika jengo moja zinaweza kutoa majibu tofauti kwa maswali hayo, na ndiyo maana korido moja huwa na wanawake wengi na inayofuata ikawa na mmoja.

Maswali hayo hayahitaji fedha za wafadhili ili yaulizwe. Daftari za udahili zipo katika masjala za vyuo vyetu, nyingine zikiliwa na mchwa. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu achukue idara moja, ahesabu wanawake waliodahiliwa mwaka hadi mwaka tangu idara ianzishwe, kisha aangalie ni mwaka gani mstari ulipanda au ulishuka ghafla. Mwaka huo utakuwa na waraka, bajeti, mkuu wa idara mpya au sharti jipya la kujiunga. Autafute waraka huo, na ajue ni nani aliyeutia saini.